Sikio la Upande wa Dirisha

Mwaka 2007 nilikuwa napiga gita la besi katika bendi ya watu watano. Jumapili mchana tulipiga Kikopey, kwenye bucha moja ya nyama choma kando ya barabara kuu, na Jumamosi tulipiga harusini popote tulipoitwa, kuanzia Naivasha hadi Mau Narok. Mwanamke wa kupiga besi hakuwa kitu cha kawaida, na wasafiri waliosimama kula nyama walinitazama vidole kwanza kabla ya kunitazama uso. Nilikuwa na miaka thelathini na sita. Nilikuwa nimeanza kupoteza sikio la kushoto, na sikuwa nimemwambia mtu.

Lilianza kama mlio mwembamba, ule wa nyaya za stima zikilia juu ya nguzo wakati wa baridi. Baadaye sauti za upande ule zikaanza kurudi nyuma, kama watu wanaotoka chumbani mmoja mmoja bila kuaga. Nilijua bendi ikijua itatafuta mtu mwingine, na besi ndiyo iliyokuwa ikilipa kodi ya nyumba yangu. Kwa hiyo nikajifunza ujanja. Nilikaa mwisho wa benchi ili watu wote wawe kulia kwangu. Nilitazama midomo. Walipocheka, nilicheka. Tukiwa tunapiga, niliegemeza paja kwenye amplifaya nikawa naisikia noti kwa mfupa.

Nyaya za gita nilikuwa nikizinunua Nakuru mjini, kwenye duka la mzee mmoja Singasinga aliyeuza redio, spika na vifaa vya bendi. Alikuwa mtu wa kilemba cha buluu na ndevu nyeupe, na nyuma ya duka alikuwa na chumba alichokitundikia mazulia ukutani ili kisirudishe mwangwi. Humo alikaa kila alasiri kusikiliza muziki. Si kuchezesha muziki huku akifanya kazi nyingine, la. Alikaa kwenye kiti, mikono magotini, akasikiliza. Siku moja aliniona nikichagua nyaya, akaniuliza kama nina nafasi kidogo. Alikuwa ameagiza kitu kutoka ng'ambo na alitaka kusikia neno la mtu anayepiga chombo, si la mteja.

Vilikuwa vispika viwili vya kuingia ndani ya sikio, vya rangi ya ngozi, kila kimoja ukubwa wa harage. Alisema ndani ya kila kimoja mna spika tatu, moja ya sauti nzito, moja ya kati na moja ya juu, na kwamba wanamuziki wakubwa huvivaa jukwaani ili wajisikie wenyewe badala ya kusikia makelele. Bei yake aliitaja mara moja tu na hatukuizungumzia tena. Alinionyesha jinsi ya kuvivaa: unaibana sponji kwa vidole mpaka iwe nyembamba, unavuta sikio juu kwa mkono mwingine, unaingiza, unasubiri sponji ivimbe. Waya haukuning'inia mbele bali ulipita juu ya sikio na kushuka nyuma.

"Usiniambie ni nzuri," alisema. "Niambie umesikia nini."

Sponji ilipovimba, duka lilizimika. Feni ilikuwa ikizunguka juu yetu bila sauti, na mdomo wa mzee ulikuwa ukisema jambo ambalo halikunifikia. Nilijisikia nikimeza mate, nikasikia hata taya langu likisogea. Ndipo muziki ulipoanza. Alikuwa mwanamke na gita na besi kubwa ile ya kusimama. Kabla hajaimba alivuta pumzi, nami nikageuka kuangalia ni nani ameingia chumbani. Nilisikia ncha za vidole zikiteleza juu ya waya wa gita. Nilisikia kiti kikilia chini ya mtu mahali fulani nyuma yao.

Na besi. Miaka yote niliijua besi kama kitu kinachosukuma tumbo. Humu ilikuwa na mwanzo na mwisho. Kidole kinagusa waya, waya unakataa kidogo, kisha unaachia, noti inanenepa, inakonda, inazimwa kwa kiganja. Nilikuwa nimesahau kwamba noti inazimwa. Nilimweleza mzee hayo yote, naye akatikisa kichwa taratibu. Yeye alikuwa na malalamiko. Alisema sauti za juu zimezidi, matoazi yanachoma kama sindano, hawezi kumaliza wimbo mmoja bila kuvitoa. Akaniuliza matoazi mimi nimeyasikiaje.

Sikuwa nimesikia sindano yoyote. Nilimwambia, ndiyo, yanachoma kidogo.

Alinitazama, akainuka, akagusa vitufe vya mashine yake akiwa amenipa mgongo. Akaniambia nifumbe macho na niinue mkono muziki ukianza. Nikafumba. Nikangoja. Niliusikia moyo wangu tu. Nikafikiri mashine imekwama, nikasema, "Bado haijaanza, mzee."

Akanigusa bega. Nilipofumbua macho alikuwa amekitoa kispika cha kulia sikioni mwangu ili nimsikie.

"Imeanza kitambo, dada," alisema. "Nimeiweka upande wa kushoto peke yake."

Nilivitoa kwa haraka hata waya ukanasa kwenye hereni. Nilimwomba asimwambie mtu, hasa mtu wa bendi, maana wote walikuwa wakija dukani kwake. Aliniuliza atamwambia nani na kwa faida gani. Ila alinitaka niende kwa daktari wa masikio, na nilisema nitaenda, na sikuenda. Alhamisi iliyofuata nilirudi kusikiliza tena, na nyingine, na nyingine. Mzee alikuwa amepita sabini na nadhani alitaka mtu wa kubishana naye. Mimi nilitaka kujua nilichobakiwa nacho.

Mwezi wa kumi na moja alikuja Kikopey na mikrofoni mbili akaturekodi mchana mzima, moshi wa nyama na yote. Alhamisi yake akaniwekea. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nimevisikiliza vile vispika kwa furaha. Siku hiyo nilivisikiliza kwa hofu, kwa sababu vinatenganisha. Spika za kawaida huwachanganya watu wa bendi kama wali na maharagwe. Hivi humweka kila mtu mahali pake, na unaweza kumfuata mmoja wimbo mzima ukawaacha wengine. Nilijifuata mwenyewe. Nilikuwa nachelewa. Si sana, si kiasi cha mtu anayekula nyama kugundua, lakini kila mzunguko noti yangu ya kwanza ilifika nyuma ya mahali pake.

Nikamfuata mpiga ngoma, na hapo ndipo nilipokaa chini vizuri. Alikuwa ananingoja. Mkono wake wa matoazi ulikwenda sawasawa, lakini mguu wake, ule wa ngoma kubwa, ulisita kila mara mpaka noti yangu itoke, kisha ukaangukia juu yake. Kwa masikio ya watu tulianguka pamoja. Nikakumbuka kwamba tangu mwezi wa saba alihamisha ngoma zake kutoka kushoto kwangu kuja kulia, akisema jua la upande ule linamchoma. Alikuwa anajua. Miezi mitano alikuwa anajua na hakusema.

Alikuwa seremala siku za kazi, mrefu, mwenye maneno machache, na aliniita "boss" kwa sababu mimi ndiye niliyepokea simu za harusi. Kwao ni magharibi, ila aliletwa Nakuru akiwa mtoto, lugha yangu aliielewa, na hakuwa na mji mwingine. Kabila lake na langu mwaka ule yalikuwa yamewekwa pande mbili za karatasi ya kura. Hatukuwa tumewahi kuliongea hilo. Nilipanga kumshukuru baada ya Krismasi. Nilitaka kutafuta maneno kwanza.

Kisha matokeo ya uchaguzi yakatangazwa, na maneno yote yakawa magumu. Bucha ilifungwa. Wapiga gita wetu wawili wakarudi kwao Naivasha. Malori yaliyobeba vitanda, mabati na kuku yalipita mjini Nakuru kila siku, na uwanja wa maonyesho ukaanza kujaa mahema. Mpiga ngoma aliniambia kwa simu kwamba mtaani kwao mtu amepiga alama ya chaki kwenye milango kadhaa, na asubuhi mkewe ameufuta wa kwao kwa maji na sabuni.

Katikati ya Januari hali ilionekana kupoa kidogo. Kulikuwa na harusi moja ya Gilgil iliyoahirishwa mara mbili, bibi harusi akiwa wa kanisa la mpiga ngoma, na wazazi walisema hawaahirishi tena. Nilimwambia asiende. Alijibu kwamba wiki ile amepita barabara hiyo mara mbili na polisi wapo. Singasinga alinipa vile vispika niende navyo. Alisema nikiviunganisha kwenye mikisa ya kuchanganyia sauti nitajisikia hata kama sikio moja limelala, akaniwekea na mashine ndogo ya CD yenye rekodi yetu, nikitaka kujizoesha njiani. Duka lake lilikuwa limefungwa mabati nusu, na kifurushi alinipitishia chini.

Harusi ilipigwa kwa sauti ya chini na watu waliondoka mapema. Mwimbaji wetu alilala Gilgil kwa dada yake. Tukabaki wawili, mimi na mpiga ngoma, kwenye pikapu yake kuukuu, ngoma nyuma chini ya turubai. Saa tisa alasiri tulifika Kikopey. Bucha zote zilikuwa zimefungwa isipokuwa moja, na waliokaa nje yake hawakuwa wakila. Aliegesha kando. Nikaona kama sitasema siku hiyo sitasema tena. Nikamvisha vile vispika, nikamwonyesha jinsi ya kubana sponji, nikawasha rekodi.

Alisikiliza akitazama usukani. Baada ya muda alisema kwa sauti kubwa, kama wanavyosema watu walioziba masikio, kwamba hajawahi kujua ngoma yake ya pembeni imelegea hivyo. Halafu mguu wake ukaanza kupiga sakafu pamoja na rekodi, ukasita, na nikajua amefika mahali nilipotaka afike.

"Unaningojanga," nilimwambia, nikiwa nimemgeukia ili anione mdomo.

"Sasa ningefanya aje, boss? Ningekuacha nyuma?"

Wale wa nje ya bucha walikuwa wamesimama na kutuelekezea macho, kwa hiyo aliwasha gari tukaondoka, vispika vikiwa bado masikioni mwake na mashine imelala kati ya viti vyetu. Nilitupa leso juu yake isipate vumbi.

Baada ya Kariandusi barabara inapinda, na pale kwenye kona tulikuta mawe na tairi zinazofuka. Hakukuwa na nafasi ya kugeuza. Pikapu nyingine ilikuwa nyuma yetu na vijana walikuwa wamekwisha kuizunguka. Waliokuja kwetu walikuwa watatu, wenye rungu na panga. Mmoja alikuja dirishani kwangu.

Katika magari yetu dereva hukaa kulia. Dirisha la abiria liko kushoto, na kushoto ndiko nisikosikia.

Nilikuwa natazama mbele, zile tairi. Sikujua kama kuna mtu anasema nami. Kitu kikanigusa goti. Mpiga ngoma alinigonga kwa kidole, mara moja, kama anavyoninyooshea kijiti tukikaribia mwisho wa wimbo. Niligeuka. Uso wa kijana ulikuwa karibu na wangu na ulikuwa umekasirika. Alikuwa ameuliza swali, labda mara mbili, kwa lugha yetu, ile ya mama yangu. Alikuwa akiuliza ili apime, na kimya changu kilikuwa jibu baya.

Nilimwambia, kwa lugha ile ile, arudie, kwa sababu sikio la upande huo limekufa. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema neno hilo kwa mdomo wangu mwenyewe, na nililisema kwa mtu aliyeshika panga.

Akatulia kidogo kusikia lugha. Aliuliza tunatoka wapi, nikasema harusini. Kisha akamwonyesha dereva kwa kidevu akauliza huyu naye ni nani, na mbona haongei.

Sikufikiri. Niliona ule waya unaopita juu ya sikio la mpiga ngoma, na kile kidude cha rangi ya ngozi, nikasema, "Ni mume wangu. Ni kiziwi. Hiyo ni mashine ya kumsaidia kusikia, na hata nayo hasikii vizuri."

Wa pili alizunguka akaenda upande wa dereva. Alifungua mlango, akamtazama mpiga ngoma, kisha akanyoosha mkono akakichomoa kispika kimoja, akakitia sikioni mwake. Ndani ya vile vispika, kwa kadiri nilivyojua, tulikuwa tunapiga wimbo wa tatu. Mikono yangu ilikuwa juu ya leso na sikuthubutu kuisogeza kutafuta kitufe. Kijana aliinamisha kichwa. Alisikiliza kwa muda ambao siwezi kuupima.

"Mbona hii haisemi kitu?" aliuliza.

Nikasema imepimwa kwa masikio ya mwenyewe, wengine hawawezi kuisikia. Nilishangaa sauti yangu ilikuwa imetulia.

Alikirudisha, vibaya, nusu ndani. Kisha akasimama nyuma kidogo ya bega la mpiga ngoma, mahali asipoonekana, akainua rungu na kuipiga bodi ya gari kwa nguvu zake zote, inchi chache kutoka kwenye kichwa. Mimi niliruka. Hata sikio langu bovu lilisikia. Mpiga ngoma, mtu ambaye hata mlango ukibamizwa jikoni kwa jirani mguu wake hujibu, hakupepesa jicho. Alikuwa akinitazama mimi, akaona nimeruka, na ndipo akageuka polepole kuangalia ni nini kimenishtua.

Wa tatu alikuwa hajasema lolote. Alikuwa mkubwa kuliko wenzake, na muda wote alisimama mbele ya gari akitutazama kupitia kioo. Sasa akasogea. Nilimtambua, si kwa jina, bali kwa namna alivyosimama: Jumapili nyingi alisimama hivyo hivyo Kikopey, mfupa mkononi, hatua chache kutoka kwenye bendi. Kwa hiyo alinijua. Na kama alinijua mimi, alimjua na aliyekaa kulia kwangu akipiga ngoma.

Alimtazama mpiga ngoma kwa muda mrefu. Kisha aliwaambia wenzake, "Huyu mama namjua. Ni wa kwetu. Na bwanake ni kiziwi kweli. Wacheni waende."

Waliondoa mawe mawili, tukapita. Pikapu ya nyuma yetu sikuiona ikipita. Nilitazama kwenye kioo cha pembeni mpaka kona ikaifunika, na mpaka leo sijui.

Aliendesha moja kwa moja mpaka Lanet. Hapo ndipo alipovitoa vile vispika akaniwekea mapajani. Nilimuuliza rekodi ilikuwa imefika wapi. Akasema betri ziliisha kabla ya Kariandusi. Hakuvitoa kwa sababu alipenda ule ukimya, na baadaye aliona mawe akaogopa kusogeza mkono. Kwa hiyo ulisikia kila kitu, nikasema. Akasema ndiyo, na lile rungu aliliona kwenye kioo likiinuka.

"Nikahesabu," alisema. "Nilijua litaangukia wapi."

Hapo akaegesha kando ya barabara, akazima gari, na tukakaa mpaka alipoliwasha tena.

Siku chache baadaye Nakuru yenyewe ikawaka. Yeye na mkewe walilala kituo cha polisi, kisha uwanja wa maonyesho, kisha wakapanda lori la kwenda magharibi. Ngoma zake zilibaki kwangu, zimejaza chumba cha kulala. Vispika nilivirudisha kwa mzee mji ulipofunguka. Alivifuta kwa pamba na spiriti bila kuuliza swali, akanipa karatasi yenye jina la daktari, akasema safari hii atanipeleka mwenyewe. Alinipeleka. Daktari alisema la kushoto halitarudi, la kulia linaweza kulindwa. Niliiambia bendi wiki hiyo hiyo. Hawakunifukuza.

Mwezi wa nane mpiga ngoma alikuja kuchukua ngoma zake. Alikuja mchana, na lori dogo la kukodi. Tulizipakia pamoja, tukazifunga kamba, akanywa chai amesimama. Nilimuuliza kama atarudi Nakuru akasema amepata kazi ya useremala kwao na kanisa lina vijana anaowafunza. Alisema hivyo bila uchungu, lakini hakuitazama nyumba, wala mtaa.

Mkewe hakushuka kwenye lori. Majirani wangu walikuwa wametoka nje, wanaanika nguo zilizokwisha kukauka, na nilielewa kwa nini hakushuka. Nikamimina kikombe nikampelekea. Nilisimama sikio la kulia likielekea kwake ili nimsikie.

"Wewe ndio ulifanya bwana yangu kiziwi," alisema. Hakutabasamu.

Nikasema ni mimi.

Alikichukua kikombe kwa mikono miwili. Alikunywa chai yote, taratibu, akiwatazama wale majirani juu ya ukingo wake mpaka mmoja wao akaingia ndani. Kisha akanirudishia kikombe, akasema asante, na mumewe akapanda.